Wanafunzi wa Uganga katika Bukoba na Muleba

Watu wanapozungumza habari za tiba katika Bukoba na Muleba, hutaja kwanza majina ya madaktari na majina ya majengo. Husema, fulani alijenga hospitali, fulani alileta dawa ya malale, fulani alipasua matumbo na wagonjwa wakapona. Majina hayo yastahili kutajwa. Walakini mimi nataka kusimulia habari za watu wengine, ambao mara nyingi hawakuandikwa ila kwa hesabu tu, yaani wale waliokuwa wakijifunza kazi hiyo. Maana nimeona ya kuwa katika nchi yetu mwanafunzi wa uganga alikuwa na kitu ambacho mwalimu wake hakuwa nacho. Mwalimu alijua dawa, au alidhani kwamba anaijua. Mwanafunzi alijua nyumba. Alijua njia ya kupita kibanjani, alijua kumwamkia mzee kwa heshima yake, alijua neno lipi lisemwe mbele ya watu na lipi liulizwe pembeni. Tena kila kizazi cha wanafunzi hao kilikuta ugonjwa ambao haujaandikwa bado katika kitabu chochote walichopewa kusoma.

Nasema uganga makusudi. Wako vijana wanaolisikia neno hili wakafikiri pembe na hirizi tu, wakaona haya. Lakini serikali yenyewe mpaka leo humwita daktari mkubwa wa wilaya Mganga Mkuu, na wala hakuna anayecheka.

Kabla ya Wazungu kufika, waliojifunza kutibu walijifunza kwa wafumu. Kijana alikaa na mzee, mara nyingi baba yake au mjomba wake, akamchukulia mfuko, akachimba mizizi, akanyamaza. Ujuzi wa namna hiyo haukuwa wote wa mizimu kama wengine walivyopenda kuandika. Chukua habari ya tauni ya Kiziba. Kiziba ni ile nchi ya kaskazini, iliyokuwa zamani ndani ya Bukoba na leo imo katika wilaya ya Missenyi. Huko ulikuwako ugonjwa ulioitwa rubwunga, wenye kuvimbisha mitoki na kuua watu upesi. Mnamo 1897 na 1898 habari zake ziliwafikia Wajerumani. Daktari wao Zupitza alitumwa kutazama, na Robert Koch, bingwa mkubwa wa vijidudu, akathibitisha kwamba ni tauni ileile iliyokuwa ikiua watu huko Bombay siku zile. Jambo hili lilitangazwa Ulaya kama uvumbuzi mkubwa. Lakini wenyeji wa Kiziba walikuwa wamekwisha kujua kwamba panya wakianza kufa nyumbani, yapasa kuihama nyumba. Hawakuwa na hadubini, wala hawakujua habari ya kijidudu. Walikuwa na macho. Bwana Koch alipata jina, na jina hilo ni haki yake, ila nafikiri yule aliyemwona panya wa kwanza akawatoa watoto wake nje alistahili japo mstari mmoja.

Miaka 10 baadaye ukaja ugonjwa wa malale. Katika Uganda ulikuwa umekwisha kuua watu maelfu kwa maelfu pwani ya ziwa na visiwani. Watu wa kwetu waliokwenda huko kutafuta kazi na mpira wa mwituni walirudi nao katika damu, wasijue. Mwaka 1906 Koch alirudi tena Afrika ya Mashariki, akafanya kambi yake katika visiwa vya Sese, na mwaka 1907 Wajerumani wakafungua kambi ya wagonjwa wa malale huko Kigarama, katika Kiziba, chini ya daktari Kudicke. Mukama Mutahangarwa wa Kiziba alishirikiana nao katika jambo hilo.

Hapo ndipo naona mwanzo wa wanafunzi wetu wa tiba ya kizungu, ijapokuwa hakuna aliyewaita wanafunzi. Wajerumani waliwaita kwa lugha yao wapapasa tezi. Kazi yao ilikuwa hii. Mtu mwenye malale huvimba tezi za shingo, nyuma, chini ya kisogo, muda mrefu kabla usingizi haujamshika. Dalili hii ilikuwa imeandikwa mwaka 1803 na daktari Mwingereza, Winterbottom, aliyeishi Sierra Leone. Naye aliona kwamba hata wafanya biashara ya watumwa waliijua, wakapapasa shingo za watu kabla ya kuwanunua. Basi katika Kiziba vijana waliochaguliwa walifundishwa kutumia ncha za vidole: tezi ngumu ni namna hii, tezi laini ni namna hii, hii ni ya jipu la kichwani tu, hii yatakiwa kupelekwa kambini ili maji yake yatazamwe kwa hadubini. Kisha wakatembea mji kwa mji.

Ebu tufikiri siku moja ya kijana kama huyo. Hufika kibanjani asubuhi, migomba ingali inadondosha umande. Humkuta mzee amekaa mlangoni anatafuna kahawa. Hawezi kumwambia, Inamisha shingo. Sharti aamkie, na maamkio ya Kihaya yana ngazi zake kwa umri na kwa cheo. Akikosea ngazi moja, kazi ya siku hiyo imekwisha. Sharti akae. Sharti aulizwe ametoka kwa nani na ukoo wake ni upi. Ndipo aombe ruhusa ya kumgusa shingo mke wa mtu, na mama mkwe wa mtu, na mtoto ambaye bibi yake hataki aguswe na mgeni. Akiona tezi, yeye ndiye wa kusema mtu huyu achukuliwe. Kila mtu alijua kwamba kambini watu hufia humo. Sindano ya siku zile ilikuwa ya atoxyl, dawa yenye sumu ya arseniki ndani yake. Iliwapunguzia wengi vijidudu kwa muda, lakini Koch alipozidisha kipimo huko Sese wagonjwa wengine walipofuka macho, wasione tena. Habari ya namna hiyo haiwezi kufichwa ng'ambo ya maji machache. Kwa hiyo wagonjwa wengine walitoroka kambini wakarudi kwao, na mpapasa tezi alipopita njia ileile kwa mara ya pili hakukuta mtu nyumbani, ila moto unaofuka.

Nimekaa sana katika habari hii kwa sababu kazi ya wanafunzi waliofuata ni hiyohiyo, hata vyombo vyake vilipobadilika. Yeye ndiye aliyeaminiwa na pande zote mbili, na yeye ndiye aliyelaumiwa na pande zote mbili.

Vita ya 1914 ilivunja kambi. Waingereza walipokwisha kushika Tanganyika, wakaona kwamba madaktari wao ni wachache mno, nao wakaanza katika miaka ya 1920 kufundisha madresa wa zahanati za wenyeji, zilizolipiwa na hazina za watawala wa nchi. Dresa alifundishwa muda mfupi hospitalini: kuosha kidonda na kukifunga, kupima homa, kutoa kwinini, kuandika jina la mgonjwa katika daftari, na baadaye kupiga sindano ya buba. Sindano hii ya bismuti ndiyo iliyoligeuza wazo la watu. Mtoto aliyejaa vidonda vya buba usoni aliletwa amefunikwa nguo kwa aibu. Baada ya wiki chache ngozi ilikuwa safi. Watu wakaipenda sindano kupita dawa zote, hata aliyeumwa kichwa alitaka sindano, na dresa aliyempa vidonge akaonekana mchoyo. Mazoea hayo hayajatutoka.

Yapasa pia kutaja kahawa, maana bila kahawa habari hii haielezeki. Katika miaka ile ya 1920 bei ya kahawa ilipanda, na Wahaya wengi wakapata fedha za kuwalipia watoto ada ya shule. Ndiyo sababu moja kubwa ya wana wa Bukoba kuonekana mapema katika shule za juu za Tanganyika. Baba alihesabu magunia, akahesabu watoto, akachagua. Mara nyingi alichagua mmoja tu, na waliobaki wakapalilia mibuni ili huyo mmoja asome. Mwanafunzi wa namna hiyo haendi peke yake. Anachukua mgongoni ndugu zake wote.

Walioinua hospitali ya Ndolage, juu katika nyanda za Kamachumu, walikuwa wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, waliofika Bukoba mwaka 1910 na kuanza kazi ya tiba hapo mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita ya pili ilipotokea Wajerumani wakaondolewa, na Waswidi wakaipokea kazi yao. Upande wa Wakatoliki, hospitali ya Rubya ilikua karibu na seminari yake mashuhuri, ile aliyosoma Laurean Rugambwa, aliyekuwa mwaka 1960 Kardinali wa kwanza Mwafrika. Basi katika nchi ndogo ya vilima, ambayo leo ni wilaya ya Muleba, wagonjwa walikuwa na mahali zaidi ya pamoja pa kwenda, na vijana walikuwa na mahali zaidi ya pamoja pa kujifunzia. Siwezi kusema kwamba madhehebu hayakushindana. Yalishindana. Lakini mshindani akijenga wodi, mgonjwa hana hasara.

Hospitali zilipoanza kuhitaji wauguzi wa kike, shida ikahama kutoka darasani ikaenda nyumbani. Binti aliyemaliza shule, labda katika shule ya wasichana ya Kashasha, alitaka kwenda kujifunza uuguzi. Baba alikuwa na maswali mengi. Ataosha wanaume wasio ndugu zake? Atagusa maiti? Atakesha usiku nje ya nyumba ya wazazi, naye ni msichana wa kuposwa? Maswali haya hayakuwa ya ujinga, na aliyeyadharau hakupata wanafunzi. Hatua kwa hatua watu walimwona binti wa jirani amerudi na sare nyeupe, anamzalisha shangazi yake bila mtoto kufa. Hapo maswali yakapungua, na muuguzi akawa mchumba anayetafutwa. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kazi za mikono kwanza. Mwanafunzi aliamka kabla ya jua, akapiga deki wodi, akamwaga vyombo vya wagonjwa, akachemsha sindano za kioo na vyombo vya kupasulia, akatandika vitanda pembe sawasawa kama alivyofundishwa, ndipo akae darasani kusikia habari za moyo na mapafu, naye anasinzia. Jioni kulikuwa na ndizi na maharage, na dagaa zikipatikana. Majira ya senene, hata mwanafunzi mwenye zamu alipata sababu ya kutoka nje usiku penye taa.

Wavulana wachache waliokwenda mbali zaidi walikwenda Makerere. Kwa ramani, Kampala ni karibu na Bukoba kuliko Dar es Salaam, tena karibu sana. Mtu alipanda meli ya ziwa, au alipita njia ya nchi kavu, akavuka mto Kagera penye Kyaka, akafuata Masaka. Makerere ilifunguliwa mwaka 1922, na wanafunzi wake wa tiba walijifunza kazi katika hospitali ya Mulago. Masomo yalichukua zaidi ya miaka 5 kwa jumla. Kwa kijana aliyelelewa katika desturi zetu, ambako maiti haiguswi ila na watu wa nyumba na kwa heshima, siku ya kwanza ya kupasua maiti darasani ilikuwa mtihani mkubwa kuliko mitihani yote ya karatasi. Tena likizoni hakuweza kuisimulia nyumbani. Mama akiuliza, Mwanangu, mnajifunza nini huko? alijibu, Tunajifunza dawa, Ma.

Miongoni mwa Watanganyika wa kwanza waliohitimu huko walikuwamo wana wa Bukoba: Joseph Mutahangarwa, na Vedast Kyaruzi. Kyaruzi alikuwa Makerere wakati mmoja na Julius Nyerere, aliyefika mwaka 1943 kusomea ualimu, nao pamoja na wenzao Watanganyika wakafanya chama cha ustawi wa wanafunzi wa kwao. Wapenzi wa historia ya siasa hupaharakisha mahali hapa ili wafike 1954 na TANU. Mimi nataka tusimame kidogo hospitalini. Mwanafunzi huyu alisoma vitabu vilevile alivyosoma mwanafunzi wa London, akapasua, akazalisha, akakesha. Lakini alipohitimu aliajiriwa kwa jina la daktari msaidizi, chini ya daktari Mzungu, hata aliyekuja jana, na kwa mshahara usiolingana kabisa na wake. Cheti cha Makerere hakikukubaliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi, mtu aliyefundishwa kutafuta chanzo cha ugonjwa asiridhike na dalili, unamtegemea nini aonapo jambo kama hilo? Mwaka 1950 Dk. Kyaruzi, akifanya kazi Dar es Salaam, alichaguliwa rais wa chama cha Waafrika, TAA, na Abdulwahid Sykes akawa katibu wake. Haukupita muda mrefu akahamishwa kupelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira karibu na Morogoro, kisha Nzega. Baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika katika Umoja wa Mataifa.

Nyerere alipenda kukumbusha kwamba siku ya uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Shule ya tiba ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo baada ya kubadilika majina mara kadhaa ndiyo chuo kikuu cha Muhimbili cha leo. Siku hizi mwanafunzi wa udaktari atokaye Muleba aweza pia kusoma Mwanza, Bugando, na njia yake ya zamani ilikuwa meli ya usiku. Wanafunzi wengi walizoea kulala sitahani juu ya mizigo ya ndizi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa maji; tangu siku hiyo wazazi wengi wa kwetu walipendelea watoto wao wazunguke kwa basi, siku nzima vumbini.

Nitaje kidogo jambo la Kashasha, kwa kuwa wageni hulisimulia kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana 3 wa shule ile walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia, na hali hiyo ikawaenea wengine, hata wanafunzi 95 kati ya 159 wakashikwa, shule ikafungwa mwezi wa Machi. Wasichana walirudi makwao, na ugonjwa ukatokea Nshamba na kwingineko. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu katika chakula, wasione kitu. Hatimaye waliandika kwamba ni fadhaa ya moyo inayoambukizana kati ya watu. Mwanafunzi wa uuguzi wa wakati ule alijifunza hapo jambo ambalo hadubini haikuweza kumfundisha, ya kwamba mtu aweza kuugua kweli, na damu yake ikawa safi.

Sasa nafika mwaka 1983. Mwaka huo, katika hospitali ileile ya Ndolage, waligunduliwa wagonjwa 3 ambao ndio wa kwanza kutambuliwa kuwa na UKIMWI katika Tanzania. Tufikiri vema: huko Marekani ugonjwa huu ulikuwa umeandikwa mara ya kwanza katikati ya 1981, na kirusi chenyewe kilitangazwa na mabingwa wa Paris mwaka huohuo wa 1983. Kwa hiyo aliyekuwa akijifunza uuguzi Kamachumu mwaka huo hakuwa nyuma ya wenzake wa Ulaya hata kidogo. Wote hawakujua. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na wagonjwa.

Watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo za fahari zilizoletwa na wachuuzi wa magendo kutoka Uganda baada ya vita vya 1978 na 1979. Walisema ni uchawi wa waliodhulumiwa fedha mpakani. Mgonjwa alikuja akiwa amekonda, anaharisha wiki kwa wiki, ngozi ina madoa, kinywa kimejaa utando mweupe. Mwanafunzi alifundishwa kwamba mgonjwa wa kuharisha akipewa maji na dawa hupona, huyu hakupona. Alifundishwa kwamba kifua kikuu kina dawa. Huyu alimeza dawa zote akafa. Na aliyekufa hakuwa mzee. Alikuwa mfanya biashara, dereva, mwalimu, mama mwenye mtoto wa titi. Mara nyingine alikuwa mtu aliyesoma pamoja na mwanafunzi mwenyewe. Sindano zilikuwa bado za kuchemshwa na kutumiwa tena, na glovu zilikuwa haba. Kuosha damu ya mzazi kwa mikono mitupu, ambako jana kulikuwa kazi ya kawaida tu, sasa kukawa ni jambo ambalo mtu aliliwaza usiku kitandani. Kipimo cha damu kilipofika, shida nyingine ikaingia: anaambiwa nani? Mume amelala wodini, mke amekaa chini ya kitanda na sufuria ya uji, naye ndiye anayemwuliza mwanafunzi kwa sauti ndogo, Mwanangu, ni nini hiki? Mwanafunzi hana ruhusa ya kusema. Tena mama huyo ni shangazi yake.

Sijui kama kuna shule ya uuguzi duniani iliyopata kufundisha jibu la swali hilo.

Mwaka 1987 wachunguzi wa Muhimbili, wakishirikiana na chuo kikuu cha Umeå cha Uswidi, walianza uchunguzi mkubwa katika Kagera. Japheth Killewo na wenzake hawakukaa hospitalini kuwangoja wagonjwa. Walikwenda majumbani, wakachagua nyumba kwa kura, wakaomba damu ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 54. Katika mji wa Bukoba walikuta watu 24 kati ya kila 100 wana kirusi. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba walikuwa 10 kati ya 100. Karagwe walipungua, na Ngara na Biharamulo hawakufikia hata mmoja kati ya 100. Hesabu hizi zilitisha, lakini ndizo zilizowezesha watu kujua mambo yanakwenda wapi, maana mjini Bukoba kipimo kilirudiwa: mwaka 1993 walikuwa 18 kati ya 100, na mwaka 1996 walikuwa 13. Sehemu ya upungufu huo ni watu kubadili mwenendo, na sehemu nyingine ni makaburi. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mnamo 2004. Msomaji atakuwa ametambua ya kuwa kazi ile ya kupita nyumba kwa nyumba na kuomba damu ni kazi ileile ya Kigarama. Tofauti kubwa ni kwamba mara hii mwenye nyumba aliweza kukataa, na aliyekataa hakufuatwa na askari.

Leo viko vyuo vya afya Ndolage na Rubya, na mjini Bukoba kiko chuo cha afya ya mazingira cha Kagemu. Anayeingia ni kijana wa kidato cha nne aliyefaulu baiolojia na kemia, naye husoma miaka 3 ili apate stashahada. Maisha yake yamebadilika kwa mambo mengi. Hapigi deki kama bibi yake alivyopiga, ana simu mfukoni yenye vitabu vingi kuliko maktaba ya Mulago ya zamani, na sindano yake hutumika mara moja ikatupwa. Ada ingali inamsumbua mzazi, tena kahawa haiwezi siku zote kuilipa, kwa kuwa mnyauko wa migomba na magonjwa ya mibuni yamewapunguzia watu mapato. Anabeba daftari la kazi za vitendo, na kila kazi sharti isainiwe na msimamizi: amezalisha mara ngapi, amefunga vidonda vingapi. Wengine hufuata sahihi kuliko kazi. Wasimamizi wanawajua.

Jambo moja lanifurahisha na kunisikitisha pamoja. Wanafunzi wengi wa vyuo hivi sasa hutoka mikoa mingine, nao hawajui Kihaya. Wanamkuta bibi wa Nshamba anayeeleza maumivu yake kwa maneno ambayo Kiswahili chake hakiyafikii, na mwanafunzi anamtazama mwenzake mwenyeji amsaidie. Huyo mwenyeji, ambaye darasani huenda ni wa mwisho, ghafula ndiye wa kwanza. Huvuta kigoda, humwita Ma, humwuliza habari za wajukuu, na baada ya dakika kumi anaandika katika faili sababu ya kweli iliyomleta.

Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg katika Bukoba vijijini. Jina hili ni la mji wa chuo kikuu huko Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliambukizwa na nyani wadogo walioletwa kutoka Uganda; huko, na katika Frankfurt na Belgrade, waliugua 31, wakafa 7. Baada ya miaka 56 jina la mji wao likafika Maruku na Kanyangereko. Waliougua kwetu walihesabiwa 9, wakafa 6, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mhudumu wa afya. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamewagusa wagonjwa walifuatiliwa kila siku kwa siku 21, makwao, wapimwe joto la mwili, na tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa kwisha. Ulitokea tena Biharamulo mwanzoni mwa 2025.

Tangu hapo somo la kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga limepata uzito mwingine. Kuvaa ni rahisi. Hatari iko katika kuvua, mtu akiwa amechoka, jasho linamwingia machoni, anatamani kujipangusa uso. Kwa hiyo wanafundishwa wawili wawili: mmoja anavua, na mwenzake amesimama kando, hamgusi, anamsomea hatua moja moja kwa sauti, naye hasogei hatua ya pili mpaka aambiwe. Nawa mikono ukiwa na glovu. Fungua aproni nyuma. Nawa tena. Akikosea, anarudia tangu mwanzo, na wenzake wanangoja.